Breki za Mgeni wa Uch-Bulak

Karakol, 2 Agosti 2017

Mama,

Nakusalimu wewe, nawasalimu yaki wetu wawili wa manyoya marefu, nalisalimu hata lile jiko linalokutoa machozi. Mimi ni mzima. Nina chumba chenye dirisha, nina wenzangu wa kucheka nao, nakula nikashiba.

Nina jambo. Kubat, mwenye karakana ya baiskeli ninayofanyia kazi, ana binamu yake Kazan, huko Urusi, anayetafuta fundi wa kukaa naye miaka miwili. Kubat amenitaja mimi. "Wewe binti una mikono," kaniambia, "hapa utaishia kuziba pancha za watalii mpaka uzeeke." Basi linaondoka tarehe 12 Oktoba.

Najua utaniletea methali. Ziweke akiba, nijibu kitu kimoja tu, na unijibu kweli: bado una watu? Mama Uulkan yupo ng'ambo ya kijito? Wageni wa baiskeli wanapita, wanalala, wanakunywa chai? Tangu baba atutoke najipa moyo kwamba nyumba yetu haikosi mtu mlangoni. Kama ndivyo ilivyo, nitakwenda. Kama uko peke yako, siendi, na wala usibishane nami.

Laiti huko kwenu kungekuwa na simu nisikie sauti yako ukinijibu, maana ukidanganya sauti yako hupanda. Barua hii nampa Satybaldy wa lori.

Mwanao,
Aikanysh


Uch-Bulak, 11 Agosti

Aikanysh wangu,

Umeniuliza kama nina watu. Mwanangu, watu wamenijaa mpaka natamani kimya! Uulkan yuko palepale, juzi kanigombeza kwa sababu mbwa wetu kala jibini lake lililoanikwa. Nami nikamjibu, "Jibini lako lenyewe gumu, mbwa kavunjika jino, nimdai nani?" Tumenuniana mpaka saa ya chai.

Na mgeni ninaye. Mholanzi, anaitwa Yoost, mrefu hata anaingia ndani kwa kuinama kama anayesali. Nakaanga maandazi ya boorsok, naye anazimaliza zikiwa bado zinachoma vidole. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wenye akili.

Ila amekwama. Baiskeli yake ina ile sahani ya chuma kwenye gurudumu la nyuma, ya breki, unaijua. Akibana, inalia kama ndama aliyeachwa zizini na wala haishiki. Anataka kushuka mteremko wa barabara kuu, na ule mteremko unaujua, haumsamehe mtu. Anataka kuitoa hiyo sahani aisafishe, hana kifaa. Nimeangalia kwa macho yangu: katikati ya gurudumu kuna pete yenye meno kwa ndani. Je, mnacho cha kuifungulia?

Kuhusu Kazan: nenda. Dua nimekuombea, na siagi nimeshapaka gurudumu, kama bibi yako alivyokuwa akifanya kila mtu wa kwetu alipoondoka, ili njia ikutelezee. Sikufanya ubahili.

Mama yako,
Burulkan


Karakol, 17 Agosti

Mama,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Moyo umetua. Kumbe mimi nakuwazia upweke na wewe unagombana na Mama Uulkan kwa jibini! Jana nimemwambia Kubat andika jina langu.

Sasa tumhudumie Mholanzi wako. Hiyo sahani tunaiita diski. Diski hufungwa kwa njia mbili, na ndipo watu wanapopotea, maana kifaa cha moja hakina kazi kwenye nyingine. Zipo zinazoshikwa na pete moja katikati, ina meno kwa ndani. Zipo zinazoshikwa na bolti sita kuzunguka. Kwa kuwa umeona pete, nakutumia kifaa chake, hiki kifupi chenye meno, nimekifunga ndani ya soksi. Akiingize, akishike kwa spana kubwa ya baba, azungushe kinyume cha saa. Gurudumu litoke kwanza kwenye baiskeli. Na asishike uso wa diski kwa vidole, jasho la mkono tu linatosha kuiharibu.

Nilifikiri kila msafiri wa kule hubeba vifaa vyake. Huyu alikuja na nini, nguo za kubadilisha? Mwambie fundi wa Karakol anamcheka.

Wenzangu wanakusalimu.

Aikanysh


Uch-Bulak, 29 Agosti

Aikanysh,

Fundi wa Karakol asicheke haraka.

Kifaa chako kiliingia kama kilizaliwa mle ndani. Spana ya marehemu ikakishika vizuri. Tatizo, kila ukizungusha, yale magurudumu madogo ya meno yanazunguka nayo yakinguruma. Basi tukayazuia kwa mnyororo wa mbwa, mbwa akikaa pembeni huru na kushangaa. Tukavuta kwa nguvu zote. Ikalia krak! Pete ikatoka, na baada yake yakamwagika mameno yote juu ya busati, moja baada ya jingine, makubwa kwa madogo, na vipete vyembamba katikati. Ile sahani ya breki iko upande wa pili, imetulia, inatuangalia.

Kumbe nilitazama upande usio wake. Umri, mwanangu.

Upande ulio wake nimeuona sasa. Hakuna pete. Kuna bolti sita, karibu zote vichwa vyake vina tundu la nyota. Tano ni za nyota. Ya sita si ndugu yao: ina kichwa cha pembe sita kilichojitokeza nje, imeshika kutu kidogo. Yoost anasema aliikuta hivyo.

Haya, hiyo nyota inafunguliwa na nini? Bisibisi ya nyumbani imekataa, kisu nacho kimekataa. Usikawie, kwani Yoost ana hamu ya kuondoka na mimi sitaki aondoke na breki mbovu.

Hapa mambo ni yaleyale. Kuna umande wa barafu asubuhi.

Mama


Karakol, 5 Septemba

Mama,

Nimecheka mpaka Kubat akaja kuuliza kama nalia. Mmevua giya zote kwa mnyororo wa mbwa! Sisi hapa tuna kifaa cha kununua kinachofanya kazi hiyohiyo, na nimemwambia Kubat kwamba Uch-Bulak tumemtangulia. Msihofu. Kila jino lina mfereji mmoja mpana kuliko mingine, hivyo litaingia kwa namna moja tu. Pangeni kuanzia kubwa, pete iwe ya mwisho.

Sasa nakutumia vifunguo viwili. Cha kwanza ni cha nyota, ukubwa wa ishirini na tano, kimeandikwa ubavuni. Msikubali kingine, hata kinachoingia kwa kulazimisha, kitakula kichwa cha bolti na hapo hata Mungu atawatazama tu. Cha pili ni spana ndogo ya namba nane kwa ile bolti mkosi. Fundi aliyeifunga ni mhuni kama mimi, niliwahi kufanya ushenzi wa namna hiyo siku moja.

Bolti hizi hufungwa na gundi. Zikikataa, pasheni msumari moto, mgusishe kichwa cha bolti mpaka gundi ilainike. Legezeni kila moja kidogo, kwa kurukia ya upande wa pili, msimalize moja kabla ya nyingine, diski isije ikapinda.

Halafu muulize kitu: breki hailii na kukataa hivi hivi. Kuna mafuta yameigusa. Mafuta gani? Kama ni ya mnyororo nitajua dawa yake.

Mama Uulkan hukumtaja safari hii. Mmenuniana tena? Mpe salamu zangu.

Nimeshona begi la safari. Zimebaki wiki tano.

Aikanysh


Uch-Bulak, 19 Septemba

Mwanangu,

Imetoka! Kifunguo kimeingia kwenye nyota kama mguu kwenye kiatu chake. Mbili zilikataa, nikazipashia msumari kama ulivyosema. Nilirukia ng'ambo na ng'ambo, sikuharakisha. Ile mkosi ndiyo iliyotoka kwa urahisi kuliko zote. Nimeishika diski mkononi mwangu, nyepesi kuliko nilivyodhani, imetobolewatobolewa kama kitambaa cha bibi harusi.

Nimeisugua kwa majivu, nikaichemsha kwenye sufuria ya nyama. Tukaifunga, tukajaribu uani. Inalia bado.

Kuhusu mafuta. Yoost anauliza, je, siagi ni vibaya? Anasema huenda siagi iligusa. Si nyingi. Ilikuwa siagi safi ya yaki, haina chumvi, ya kwanza ya kiangazi. Na kwenye zile tofali ndogo zinazobana diski, huko nako anasema huenda ilifika, maana ilipakwa kwa moyo mmoja.

Uulkan anakusalimu sana.

Begi lako liwe na soksi za sufu. Kazan wanasema baridi yake ni ya unyevu, inaingia mifupani.

Mama


Karakol, 26 Septemba

Mama,

Mholanzi hapaki siagi kwenye gurudumu.

Nimezunguka dunia yote kichwani nikitafuta mtu anayechukua siagi ya kwanza ya kiangazi, isiyo na chumvi, akaipaka gurudumu kwa moyo mmoja. Nimempata mmoja tu. Hana urefu wa kumfanya ainame mlangoni.

Ile bolti ya pembe sita niliifunga mimi. Niliitoa kwenye mlango wa jiko, ndiyo maana mlango wa jiko unalegea mpaka leo. Baiskeli ni yangu, ile niliyoiacha bandani. Nilipokuambia naondoka hukuwa na gari la kulipaka, ukaenda kupaka baiskeli yangu.

Nilikwenda sokoni kwa Satybaldy nikamkuta anafunga turubai. Nikamwambia, "Kaka, mama yangu yukoje?" Akasema, "Mzima." Nikamwambia, "Umemwona kwa macho?" Akaanza kutazama viatu vyake. Nikamwambia, "Sema, au nakaa juu ya bodi ya lori lako mpaka useme." Ndipo akasema. Mama Uulkan kahamishwa na mwanawe tangu Juni. Kijiji kizima moshi unatoka kwenye nyumba moja. Lori haliingii tena Uch-Bulak kwa ajili ya mtu mmoja, barua zangu anaziacha kwenye kituo cha walinzi wa wanyama, kule chini njia panda.

Kwa hiyo kila barua yangu umeishukia kwa miguu, na kupanda tena, na goti lile. Na mimi nimekaa hapa nakufundisha mambo ya nyota na pete ili "Yoost" ateremke salama. Nina hasira na wewe, Mama. Nimelia pia, lakini hasira imetangulia.

Nawe nakuambia langu, tulingane. Sina chumba chenye dirisha. Nalala karakanani, juu ya maboksi ya matairi. Wenzangu niliokuwa nakuletea salamu zao waliondoka kiangazi kilichopita. Jioni Kubat akifunga mlango, nabaki na redio.

Siagi haitoki kwenye hizo tofali ndogo, zimeinywa. Zitupe. Nakutumia mpya, na diski mpya, na bolti sita zote ndugu. Usizishike kwa mikono yenye mafuta, nawa kwanza. Kaza kwa kurukia ng'ambo kama ulivyofungua. Kabla ya mteremko, zunguka uani, bana na uachie, bana na uachie, mpaka diski na tofali zizoeane. Usishuke kabla hazijashika.

Kisha niandikie wewe mwenyewe. Ukiandika nenda, nitakwenda na moyo mweupe. Ukiandika usiende, siendi. Nangoja neno lako. Sitaki la Yoost.

Aikanysh


Kituo cha walinzi, njia panda, 6 Oktoba

Aikanysh,

Naandika hapa kwenye benchi la walinzi, kwa kalamu yao, kwa sababu nyumbani ningekosa ujasiri.

Nyumbani nilikuandikia nyingine. Ilisema nenda. Ilikuwa barua nzuri, ina methali mbili. Nikaitia kifuani, nikapanda baiskeli yako. Usishangae, msichana wa zamani mimi, nilipanda baiskeli ya baba yangu ya kupelekea barua kabla sijajua kukamua yaki. Nilifunga kila kitu kama ulivyosema, nikazunguka uani mpaka mbwa akachoka kunibwekea.

Pale kona ya juu, ambapo mteremko unaanza kuvuta, nilibana. Breki zikashika, mwanangu. Nikasimama kabisa. Hazikulia hata kidogo. Nikageuka nikatazama nilikotoka, nikaona nyumba zote za Uch-Bulak, na moshi mmoja tu, wa kwangu, na wenyewe unakaribia kuisha kwa sababu hakuna wa kuongeza kuni. Nikaitoa ile barua nikaichana.

Nikuambie habari za Yoost. Nilimtunga kwa ajili yako, nikamzoea mwenyewe. Boorsok nilikuwa nakaanga za watu wawili. Nilikuwa namuuliza kama chai imekolea. Uliponiandikia kwamba hayupo, nilikaa na barua yako mapajani nikahisi nimefiwa. Nimecheka baadaye, lakini siku ile sikucheka.

Nilidhani mama mzuri ni yule anayemfungulia mtoto njia na kujifungia machozi ndani. Bibi yako alifanya hivyo, nami nikamsifu. Sasa mimi nimechoka kusifiwa.

Usiende. Hii si methali, ni mimi nakuambia. Niko peke yangu, na naogopa majira ya baridi. Zamani niliogopa theluji, sasa naogopa kile kimya. Kama huwezi kuacha kwenda, basi pitia huku kwanza, nikuone uso, ndipo uende. Lakini nimeshasema: usiende.

Mlinzi anasema lori la Satybaldy litapita jioni. Namkabidhi barua hii, kisha nianze kupanda. Kupanda nitaisukuma, breki hazina kazi huko.

Mama yako, mwenyewe,
Burulkan


Nyumbani, 6 Oktoba

Mama,

Nimefika. Nilikuambia nitangoja neno lako, sikuweza. Lori la nyasi lilikuwa linakuja huku kwa njia ya juu, ya malisho, nikarukia na begi langu lilelile la Kazan. Basi la tarehe 12 litaondoka na kiti changu kitupu. Kubat kanuna, kisha kanipa kilo moja ya sukari nikuletee.

Umetoka. Mlango umefungwa kwa kamba, mbwa kanitambua baada ya kunibwekea kwanza. Baiskeli haipo bandani. Nimeona alama ya tairi inatoka langoni, imenyooka, haina mahali ilipoyumba. Zile tofali zenye siagi umezitundika ukutani kando ya picha ya baba. Sijui ulikuwa na maana gani, utaniambia.

Sijui umekwenda kuniandikia nini. Kama ni nenda, umechelewa. Kama ni usiende, umechelewa pia. Barua yenyewe itafika Karakol imkute Kubat, aisome yeye.

Majira ya baridi tutayamaliza wawili. Iwe hapa, au twende wote Karakol tutafute chumba chenye dirisha la kweli. Utachagua wewe, na safari hii tutabishana uso kwa uso.

Moto ulikuwa unazima, nimeuwasha. Mlango wa jiko nimeufunga vizuri, bolti yake niliikuta dirishani ulikoiweka. Kwenye kitambaa cha chai nimekuta kikombe kimoja, nikatoa cha pili.

Nateremka kukupokea, nikusaidie kuisukuma. Kama tumepishana ukaiona karatasi hii kabla hujaniona mimi, usitoke tena. Kaa, mimina chai. Mgeni wako yuko njiani.

Aikanysh